Miguu ya Bikira: picha ya Caravaggio iliyokataliwa kanisani

Nakala hii ya Kifo cha Bikira iliyo ukutani ni ndogo mno ukiilinganisha na picha yenyewe, ambayo urefu wake unakaribia mita 3.7 na leo iko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Iliagizwa Roma mwaka 1601 na mwanasheria Laerzio Cherubini, iwekwe juu ya altare katika kanisa la watawa Wakarmeli Peku, Santa Maria della Scala. Mkataba ulitaka kifo cha Bikira Maria. Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, akachora kifo hasa, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mtazameni Maria. Gauni jekundu limelegezwa kifuani, tumbo limefura, mkono umening'inia, miguu mitupu imetokeza ukingoni mwa kitanda. Malaika hawapo, wala mbingu haifunguki. Alama pekee ya utakatifu ni duara la nuru kichwani, jembamba kiasi kwamba aliyesimama nyuma kanisani asingeliona. Chini pale kuna beseni la shaba. Waliowahi kukaa kwenye nyumba ya msiba hawahitaji kuelezwa beseni ni la nini.

Sasa waangalieni wafiwa. Wachoraji wengi wa wakati ule walipenda macho yaliyoinuliwa juu na chozi linalong'aa shavuni. Guido Reni alijipatia jina kwa nyuso za namna hiyo. Caravaggio anawaficha. Mtume mmoja amejiziba macho kwa mikono, mwingine tunauona upara tu. Maria Magdalena amejikunja kwenye kiti kifupi, ametuachia shingo na nywele zilizosukwa. Uso hatuuoni kabisa, na kwangu mimi hapo ndipo penye uchungu kuliko popote katika picha hii.

Husemwa sana kwamba Kanisa liliogopa uhalisia. Sikubaliani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, Desemba 1563, uliagiza picha ziwafundishe waamini na kuwaamshia ibada, ila pasiwepo lolote lisilo na heshima. Kabla ya hapo, kitabu cha Mazoezi ya Kiroho cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, kilimtaka anayesali apaone mahali pa tukio, asikie sauti, aguse hata pale watu walipokanyaga. Aliyezoea kusali hivyo hawezi kutosheka na mtakatifu wa nta. Uhalisia ulitoka humo humo Kanisani. Ugomvi ulikuwa juu ya mpaka wake.

Na mpaka huo tunaweza kuuona. Katika kanisa la Sant'Agostino, Roma hiyo hiyo, Caravaggio alichora mahujaji wawili wamepiga magoti mbele ya Bikira, nyayo chafu za mmoja zikimkabili anayetazama. Watu walipiga kelele, lakini picha ikabaki, na ipo hadi leo. Matope ya hujaji yalivumilika. Miguu ya Mama wa Mungu iliyovimba haikuvumilika, hata kwa watawa waliojiita Peku! Giovanni Baglione, mchoraji aliyewahi kumshtaki Caravaggio kwa mashairi ya matusi, anaandika kwamba picha ya kifo iliondolewa kwa sababu Bikira amevimba na miguu iko wazi. Tabibu Giulio Mancini anaongeza kwamba mwanamke aliyechorwa kama Maria alikuwa kahaba.

Tuwatendee haki watawa. Wao waliamini kwamba mwili wa Maria ulipalizwa mbinguni bila kuguswa na uharibifu, na mwili uliofura ni mwili ulioanza kuharibika. Badala yake wakaweka kazi ya Carlo Saraceni, ambamo Maria ameketi mikono ikiwa imefumbatwa, na malaika juu. Picha safi, lakini haimsumbui mtu.

Ile iliyokataliwa ilinunuliwa na mtawala wa Mantua kwa ushauri wa mchoraji Rubens, kijana bado. Kabla haijasafirishwa, Aprili 1607, ilifunguliwa kwa wiki moja, na watu wa Roma wakamiminika kuiona. Caravaggio mwenyewe hakuwapo: alikuwa amemuua mtu mwaka uliotangulia, akakimbilia Napoli. Huko alikuwa amekwisha kumaliza picha ya Matendo ya Huruma kwa kanisa la Pio Monte della Misericordia, na maiti anayepelekwa kuzikwa humo haonekani ila nyayo. Wenye kanisa waliipokea, na bado iko juu ya altare yao.