Kununua kwa Kadogo, Kuuza Nguvu kwa Kadogo

Mhadhara kwa wakazi, Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja, maana najua Jumamosi mchana ndiyo siku ya biashara kwa wengi wenu.

Kabla sijaanza, tazameni mawe ya mtaa huu. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Nimefundisha uashi kwa zaidi ya miaka 20, na nikipita hapa huwa nasimama kuangalia viungo vya mawe hayo. Mkono uliofundishwa unaonekana hata baada ya miaka 80. Nitarudi kwa mikono baadaye. Kwanza tuzungumze kuhusu jiko.

Jirani yangu ana watoto watatu. Jioni hununua unga nusu kilo, mafuta ya kupima ya shilingi 20, nyanya mbili, kitunguu kimoja na makaa mkebe mmoja. Kesho jioni ni hivyo hivyo. Ndiyo kadogo: kununua kidogo kidogo, cha siku moja tu. Siyo kwamba hajui hesabu. Anajua kuliko mimi. Anajua kwamba mwenye kununua mtungi wa lita 20 analipa kidogo kwa kila kijiko. Lakini mume wake hulipwa jioni kwa jioni, na pesa ya jioni hainunui mtungi. Kwa hiyo maskini wa mji huu ananunua chakula kile kile kwa bei ya juu zaidi. Na mume wake je? Yeye anauza nguvu zake kwa kadogo pia, siku moja moja, bila kujua kama kesho ataitwa. Hapo ndipo gharama ya maisha na suala la ujuzi hukutana, ndani ya nyumba moja. Serikali zetu huyashughulikia katika ofisi mbili zisizosalimiana.

Mtaniambia: kaunti itafanya nini? Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Julai serikali kuu ikaishusha hadi 100 kwa ruzuku, na kufikia Septemba ruzuku hiyo ilikuwa imeondolewa. Septemba 2023 lita ya petroli hapa Nairobi ilifika shilingi 211. Hayo yote hayakuamuliwa City Hall, makao ya kaunti yetu, nakubali. Ila nimechoka kusikia jibu la "hiyo ni kazi ya serikali kuu", kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba liko wazi. Masoko ni ya kaunti. Leseni za biashara ni za kaunti. Shule za chekechea ni za kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tunavyoviita polytechnic, ni vya kaunti. Kile kinachoingia kinywani na kile kinachofanywa na mkono, vyote vinapita mezani pao.

Sifa apewe anayestahili. Tangu 2023 tuna mpango wa Dishi na County. Mtoto wa shule ya umma anagusisha bangili yake, mzazi amelipa shilingi tano, mtoto anakula chakula cha moto. Mnaona siri yake? Maharagwe yananunuliwa kwa wingi, yanapikwa katika jiko moja kubwa, na kaunti inaongeza kile ambacho mzazi hawezi. Kadogo imevunjwa, angalau kwa mlo mmoja wa mchana. Mama aliyekuwa akiacha kibanda saa sita kukimbilia nyumbani kupika sasa anauza hadi jioni. Ningependa kuona akili hiyo hiyo ikifika kwingine.

Ifike sokoni, kwa mfano. Fuateni gunia moja la viazi kutoka Nyandarua. Shambani lina bei yake. Likitoka linalipiwa ushuru wa mazao. Likifika Nairobi linalipiwa tena, kisha mbebaji alipwe, na nje ya soko mama mboga anatozwa ushuru wa siku, na asipokuwa na risiti anakimbizana na kanjo, yaani askari wa kaunti. Kila mkono unauma kipande, na kipande cha mwisho kinalipwa na yule wa mafungu ya shilingi 50. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinakataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayoumiza biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Maneno hayo yapo tangu 2010. Ushuru unaotozwa mara mbili juu ya kiazi kimoja ni ushuru juu ya sufuria ya maskini, na mimi sioni jina lingine la kuupa.

Sasa mikono.

Wakandarasi wananiambia kila wiki: hakuna mafundi. Vijana wananiambia kila siku: hakuna kazi. Wote wanasema kweli. Nilikuwa na kijana, simtaji jina, aliyejifunza ufundi wa maji kwa mjomba wake tangu akiwa na miaka 15. Nilimpa paipu mbili na kiungo. Alikata, akasugua ukingo kwa msasa, akapaka gundi kwa mzunguko mmoja, akasukuma na kuzungusha robo, kisha akashika bila kutikisika huku akihesabu kimoyomoyo. Hakuna tone lililovuja. Mjengoni aliulizwa cheti, hakuwa nacho, akaandikwa kama mtu wa mkono kwa shilingi 600. Kazi aliyoifanya ni ya fundi wa 1,200. Amelipwa hivyo miaka minne! Hesabuni wenyewe unga uliopotea hapo.

Zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi nchini wako katika jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Ujuzi mwingi wa taifa hili umekaa huko, bila karatasi. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya ufundi, Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Mwaka 2024 ilizinduliwa sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Mwaka huo huo Ujerumani ilitia saini mkataba na Kenya ili ipate wafanyakazi wetu wenye ujuzi. Wageni wameshaona thamani ya mikono yetu.

Basi kaunti ifanye hivi. Karakana za vyuo vya ufundi vya kaunti vya Kangemi, Waithaka na Mathare zifunguliwe jioni na Jumapili, ili anayefanya kibarua mchana apate kupimwa ujuzi wake bila kupoteza siku ya mshahara. Ada ya mtihani ilipwe na kaunti, kama inavyochangia sahani ya mtoto. Na kila mkandarasi anayejenga soko au zahanati kwa pesa za kaunti aajiri mafundi hao waliopimwa, kwa malipo ya fundi. Pia alipwe kwa wakati, maana Nairobi inadaiwa kuliko kaunti nyingine yoyote, na deni la mkandarasi huishia kuwa njaa ya kibarua.

Pesa zitatoka wapi? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Makadirio hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na viwango vya ushuru wa sokoni huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Kabla ya hapo, wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo nimeihudhuria. Mara nyingi tunakuwa watu wachache, viti vitupu, na karani anayetazama saa.

Kwa hiyo nimeweka daftari pale mlangoni. Akina mama wa mboga, andikeni mnatozwa kiasi gani, wapi, na kama mnapewa risiti. Mafundi, andikeni kazi yenu na miaka mliyoifanya. Mkutano ujao wa maoni tutaingia na daftari hilo, na yule kijana ameniahidi atakuja na paipu zake.