Hoja Kwanza, Maneno Baadaye

(Mhadhara kwa viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima, Tukuyu)

Ndaga fijo, ndugu wenyeviti na makatibu. Nanyi wajumbe mliokaa karibu na mlango, najua kwa nini mmekaa hapo.

Nyanda hizi za Juu Kusini zimelipatia Bunge maspika watatu: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, Mama Anne Makinda wa Njombe na Dk. Tulia Ackson wa hapa hapa Rungwe. Halafu nenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi ujionee. Watatu wanaongea kwa pamoja, wa nne anapokea simu.

Walionisikia zamani mnivumilie, maana sijabadilika: tunajadili kabla ya kuwa na hoja, yaani pendekezo kamili la kupigiwa kura. Chama kimoja, sikitaji, kilijadili mizani ya kahawa tangu asubuhi hadi wali ukapoa. Huyu anasema mizani ya zamani inamwibia, yule kaingiza mbolea, mwingine barabara. Mwishowe mwenyekiti akasema, "Basi tumeelewana," makofi yakapigwa. Katibu akaandika, na daftari nimelisoma mwenyewe: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la mizani na kukubaliana." Kukubaliana nini? Kununua au kutengeneza? Ya kilo ngapi? Fedha za kifungu kipi cha makisio? Kikao kilichofuata, kufika kwenye yatokanayo, yaani kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, mweka hazina anasema tulikubali kutengeneza, mwenyekiti anasema kununua, na wote wawili wanashika muhtasari uleule!

Ingetakiwa mjumbe asimame: "Mwenyekiti, natoa hoja chama kinunue mizani moja ya kilo 300, kabla msimu haujafunguliwa." Mwingine: "Naunga mkono." Mwenyekiti anairudia kwa sauti, katibu anaiandika neno kwa neno. Hapo ndipo midomo ifunguke. Mwenye mbolea anaambiwa mbolea haimo, aketi. Anayetaka kilo 500 alete marekebisho. Hayo yapigiwe kura kwanza, ndipo hoja yenyewe kama ilivyorekebishwa. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Si mnaisikia redioni kutoka Dodoma?

Mtasema hayo ya Wazungu. Haya. Henry Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, aliombwa kuongoza mkutano kanisani kule New Bedford mwaka 1863, ukamshinda kabisa. Kitabu chake cha kanuni kikatoka 1876. Kumbe hata vurugu za vikao wenzetu wanazo! Na hakukaza kila mahali: kwa kamati ya watu 12 hivi kushuka chini, hoja haihitaji wa kuiunga mkono. Ila mkutano mkuu si kamati, msinizungushe.

Wengine mtasema mzee hakatizwi. Sawa, asikatizwe. Wajumbe wakubaliane muda mwanzoni, kabla mzee hajasimama. Kwa Robert ni dakika 10, mara mbili kwa kila hoja. Akizidisha, kinachomketisha ni uamuzi wa mkutano, wala si kijana wa pale nyuma.

Naona naonyeshwa saa. Akidi, basi, ile idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiweze kuamua: someni masharti ya chama chenu, na mhesabu watu tena kabla ya kura, maana baada ya chakula ukumbi huwa nusu. Ile ajenda ya mwisho, "Mengineyo", isipitishe matumizi ya fedha, hata shilingi. Wajibu wa mwenyekiti nilikuwa nimeuandalia kurasa nzima, nauruka.

Maswali? Mama pale, karibu, ila pitia kwa mwenyekiti.