Watu wa Daraja la Juu: The High Level Ranters na Lugha ya Wachimba Makaa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana.

Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya lahaja na nyimbo, najua wengi wenu mlitarajia nianzie Lamu, Pate au Makunduchi. Naomba radhi, kwani leo nitawapeleka kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye mji wa Newcastle ulio kando ya mto Tyne, ili tuwakumbuke wanamuziki walioitwa The High Level Ranters. Hata Uingereza kwenyewe, ukishuka kusini, ni wachache wanaolitambua jina hilo. Mimi nilipowasikia kwa mara ya kwanza, tayari nikiwa na shahada ya Kiingereza mkononi, nilishika labda nusu ya maneno, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonifanya niwarudie hadi leo.

Jina lao lina anwani ndani yake. High Level ni daraja la chuma lililosanifiwa na Robert Stephenson na kufunguliwa mwaka 1849, ambalo treni hupita juu yake na magari hupita chini, na James Hill, mpiga fidla wa eneo hilo, alilitungia muziki wa dansi ambao mpaka leo ni mtihani kwa vidole vya wapigaji. Rant nalo ni jina la dansi na mdundo wa kaskazini, wenye kukanyaga kwingi. Kwa hiyo mtu wa Newcastle akisikia jina la kikundi anaona daraja lake na kusikia miguu ya watu wake. Mwaka 1958 Louis Killen na Johnny Handle walianzisha klabu ya nyimbo za jadi mjini humo, ambayo baadaye ilikaa miaka mingi katika hoteli iliyo pembeni kabisa mwa daraja hilo. Ni katika mazingira ya klabu hiyo ndipo kikundi kilipozaliwa mwaka 1964.

Handle alikuwa amefanya kazi mgodini kabla ya kuwa mwalimu, naye alipiga akodiani na piano na kuimba. Colin Ross alipiga fidla na zumari za mfuko, na alikuwa pia fundi wa kuzitengeneza zumari hizo, fundi ambaye kazi ya mikono yake imesambaa kwa wapigaji wengi. Alistair Anderson, aliyekuwa kijana kuliko wenzake, alipiga konsatina, ile ala ndogo yenye pembe sita inayovutwa na kubanwa kwa mikono miwili. Tommy Gilfellon alishika gitaa na kuimba, na Forster Charlton alikuwa mtu wa fidla na zumari.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya zumari hizo, maana mtu akisikia zumari za mfuko huwaza jeshi la Waskoti. Zumari ndogo za Northumberland, jimbo la huko kaskazini, hazipulizwi kwa mdomo. Mpigaji hukaa kitini, akaujaza mfuko upepo kwa mivuo midogo iliyofungwa chini ya kiwiko chake, na bomba la kupigia limezibwa mwishoni, kiasi kwamba vidole vyote vikiwa vimefunika matundu ala hunyamaza kabisa. Mpigaji huinua kidole kimoja tu kwa wakati, kila noti ikatoka peke yake, fupi na safi, kama punje zinazodondoka kwenye sinia. Ni ala ya chumbani, ya watu walioketi karibu karibu, na sauti yake haimfuniki mwimbaji.

Ala hiyo ilikuwa hasa ya nchi iliyo kaskazini mwa mji, kuelekea vilima vya Cheviot na mpaka wa Uskoti, nchi ya wafugaji wa kondoo. Wazee kama Billy Pigg, aliyefariki mwaka 1968, na wachungaji watatu Joe Hutton, Will Atkinson na Willy Taylor, walikuwa bado wakipiga huko muziki walioupokea kwa masikio, na Anderson na wenzake waliwaendea na kujifunza kwao. Upande wa pili, kuzunguka mto Tyne na kusini katika jimbo la Durham, ilikuwa nchi ya makaa ya mawe, yenye nyimbo za wachimbaji. Ranters walizikutanisha nchi hizo mbili jukwaani: zumari ya mchungaji ikamtangulia mchimbaji, kisha mchimbaji akaimba. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini kila upande ulikuwa na watu wake, vilabu vyake, na hata majivuno yake.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe.

Watu wa Northumberland walijulikana zamani kwa namna yao ya kutamka r. Daniel Defoe, aliyepita huko katika karne ya 18, aliandika kwamba wenyeji walitambulikana kwa mkwaruzo wa kooni kila walipofika kwenye herufi hiyo, na kwamba walijivunia. Sisi hatuhitaji maelezo marefu: ni karibu na gh ya ghali na lugha, ile ambayo walimu wetu walitusumbua nayo. Leo sauti hiyo imebaki kwa wazee wachache wa mashambani. Zipo pia kanuni za irabu ambazo mgeni hudhani ni makosa. Nyumbani ni hyem. Watu hupenda kusema kwamba neno hilo liliachwa na mabaharia wa Skandinavia, kwa kuwa wao nao husema hjem, lakini jiwe nalo huitwa styen na mfupa huitwa byen, na hapo tunaona kwamba ni irabu ileile ya Kiingereza cha kale iliyopita njia yake ya kaskazini kwa utaratibu kamili, bila kuazima kwa mtu. Kisha kuna wor, yaani yetu, ambalo mwanamume hulitumia hata anapomtaja mke wake mwenyewe. Mwingereza wa kusini hushtuka, lakini Mswahili anayesema kwetu akimaanisha nyumbani kwake yeye mmoja hana sababu ya kushtuka.

Ndani ya lahaja hiyo kulikuwa na lugha nyingine ya kazi, iliyopewa jina la Pitmatic, neno la mzaha lililounganisha shimo la mgodi na hisabati, kana kwamba kuchimba makaa ni elimu yenye istilahi zake. Na kweli zilikuwapo. Cracket kilikuwa kigoda kifupi cha mchimbaji aliyefanya kazi mahali ambapo dari halikumruhusu kusimama. Bait kilikuwa chakula cha kubeba kwenda kazini. Marra alikuwa mwenzi wa kazi, na maana yake ilizidi urafiki, kwa sababu marra waligawana sehemu moja ya kuchimba, mmoja akiingia zamu mwenzake akitoka, na malipo yao yakahesabiwa pamoja. Kuwa na marra mvivu ilikuwa ni njaa nyumbani.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni cavil. Wachimbaji walilipwa kwa wingi wa makaa waliyotoa, lakini sehemu za mgodi hazifanani: hapa makaa ni laini na dari ni refu, pale kuna maji magotini na mwamba mgumu. Msimamizi akipewa mamlaka ya kupanga nani aende wapi, atawapa rafiki zake pazuri na mtetezi wa wafanyakazi atampeleka majini. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu majina yalipigiwa kura, na kila mtu akaenda mahali kura ilipomwangukia. Kura hiyo ndiyo cavil. Neno moja limebeba katiba nzima ya watu waliojua kwamba hawawezi kuondoa hatari, ila wanaweza kuigawa bila upendeleo.

Lugha iliyoweza kubeba mambo mazito namna hiyo, ilipopanda jukwaani katika karne ya 19, ilipewa zaidi kazi ya kuchekesha. Katika kumbi za burudani za Newcastle watunzi kama George Ridley, aliyeupa mji wimbo wake wa mashindano ya farasi ya mwaka 1862, na Joe Wilson baada yake, walipendwa sana, na sisemi kwamba hawakustahili. Lakini mtazameni Tommy Armstrong, mchimbaji wa Durham aliyezaliwa mwaka 1848 na kufariki mwaka 1920, ambaye ndiye mshairi mkubwa wa migodi hiyo. Anapoeleza jinsi yeye na mkewe walivyoachwa na treni, wakajipumzisha baa, na mke akalewa, anatumia lahaja tupu, yenye ladha na kasi. Lakini mlipuko wa mgodi wa Trimdon Grange ulipotokea tarehe 16 Februari 1882 na kuua watu zaidi ya 60, wengine wavulana, akatunga wimbo wa kuwaombea msaada wajane na yatima, lahaja iliwekwa kando. Wimbo ule karibu wote ni Kiingereza cha kanisani. Ni wimbo mzuri, na siwezi kumlaumu mtu aliyetunga akiwa na msiba mlangoni. Hata hivyo kuna jambo la kusikitisha katika mgawanyo huo: kicheko kwa lugha ya mama, kilio kwa lugha ya wakubwa. Sisi wenyewe tunaujua, kwa jinsi lafudhi za mikoani zinavyopewa nafasi nyingi katika vichekesho na chache mno katika taarifa ya habari.

Mwaka 1965 kampuni ya santuri ya Topic ilitoa santuri ya nyimbo za Armstrong, na kati ya walioimba na kupiga ndani yake walikuwamo Handle, Gilfellon, Ross na Killen. Naiona santuri hiyo kama darasa lao. Baada yake zikafuata santuri za kikundi chenyewe, na mwaka 1975 ikatoka kazi yao ambayo mimi naiweka mbele ya zote, santuri mbili kwa pamoja ziitwazo The Bonny Pit Laddie, waliyoifanya wakiwa na Harry Boardman wa Lancashire na Dick Gaughan wa Uskoti. Humo maisha ya mgodini yanasimuliwa kwa nyimbo na muziki, pamoja na migomo na maafa, na lahaja haiondolewi vumbi kwa ajili ya msikilizaji wa kusini. Inaimbwa kwa uso mkavu. Mahali pa kucheka wanacheka, lakini lahaja yenyewe haichekwi.

Handle alikwenda mbali zaidi kwa kutunga. Magharibi mwa Newcastle palikuwa na mgodi wa Montagu, ambao wenyeji waliuita Monty kama mtu anavyomwita jirani. Tarehe 30 Machi 1925 maji kutoka machimbo ya zamani yaliyosahaulika yaliuvamia na kuua watu 38. Mgodi huo ulipofungwa mwaka 1959, Handle alitunga wimbo wa kuuaga. Hakutafuta maneno ya kupendeza. Anausema mgodi kama mzee aliyejitahidi kadiri ya nguvu zake, na majina ya kazini yanapita bila kufasiriwa, kwa sababu wanaoagwa na wanaoaga wanayajua. Armstrong alikuwa ameiacha lahaja itanie, lakini msibani akaiweka kando. Handle aliipa nafasi ya kusoma tanzia.

Mtaalamu mmoja anaweza kuniuliza kwa nini tusitosheke na kamusi. Kamusi nzuri zipo: Oliver Heslop alikusanya maneno ya Northumberland mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Bill Griffiths alitoa kitabu kizima cha Pitmatic mwaka 2007. Jibu langu ni vina. Katika lahaja hiyo usiku huitwa neet, nalo linafanya kina na feet, yaani miguu. Msahihishe mwimbaji, mwambie aseme usiku kwa matamshi ya London, na kina kitavunjika palepale, kila mtu atasikia. Ubeti humlazimisha mwimbaji wa kesho kutamka kama mwimbaji wa jana, au akubali kuuharibu mbele ya watu. Nasi tuna ushahidi huohuo katika tungo zetu za kale, ambamo vina vinatuonyesha matamshi ya Kimvita au Kiamu ambayo mhariri wa Kiswahili sanifu hawezi kuyanyoosha bila kuubomoa ubeti.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ross na Anderson walikiacha kikundi, na wengine wakaendelea. Anderson alikuja kuwa mmoja wa waasisi wa Folkworks mwaka 1988, taasisi iliyofundisha muziki wa jadi kwa vijana wa eneo hilo. Migodi yenyewe haikungoja. Baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985 ilifungwa mmoja baada ya mwingine, Wearmouth wa mwisho katika jimbo la Durham ukaisha mwaka 1993, na Ellington, wa mwisho wa chini ya ardhi katika eneo lote, ukafungwa mwaka 2005. Maneno yakagawanyika. Marra bado limo mitaani, vijana ambao hawajawahi kushuka shimoni wanaitana hivyo. Cracket na cavil hayana tena kazi ya kufanya.

Muda wangu unakaribia kwisha, na fundi mitambo amekuwa akiniangalia. Nimemwomba awapigieni kipande kutoka santuri ya mwaka 1975. Zitaanza zumari, mtazitambua kwa noti zake fupi zilizoachana. Kisha ataingia mwimbaji, na nawaombeni msihangaike kutafuta maana mara ya kwanza. Sikilizeni r yake tu, halafu tutaurudia.