Asali, Mau na Hukumu ya Arusha: mazungumzo kuhusu Waogiek

AISHA: Hamjambo wasikilizaji. Leo tunazungumzia Waogiek, wawindaji na warina asali wa Mau, msitu wa milimani katika Bonde la Ufa, Kenya. Sisi watu wa pwani Mau tunaijua kwa mambo mawili, maji na watu kufukuzwa. Kibet, leo tuanzie kwingine.

KIBET: Tuanzie juu ya mti basi, kwenye mzinga. Mzinga wa Kiogiek ni gogo, mara nyingi la mtarakwa, maana hauozi upesi. Unalipasua katikati kwa urefu, unachonga ndani, unafunga vipande viwili, unalipandisha juu kabisa.

AISHA: Wakamba nao wanatundika magogo, bwana. Hilo si geni.

KIBET: Ngoja, dada. Ugeni uko kwenye ardhi. Safu za Mau zina ngazi: chini vichaka na uwanda, juu kidogo msitu mnene, juu zaidi mianzi na uwazi wa baridi. Maua hayachanui ngazi zote wakati mmoja. Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, umelala kutoka chini kwenda juu, ukikatiza ngazi hizo. Huku maua yakiisha, watu wanahamia kule yanakoanza. Mipaka ni vijito, miamba na miti inayojulikana, na mtu wa ukoo mwingine hatundiki mzinga hapo bila ruhusa.

AISHA: Kwa hiyo yale maneno ya shuleni, kwamba wawindaji ni watu wa kuzurura tu, hawana pao...

KIBET: Yalitungwa na mtu asiyeuliza mizinga ni ya nani. Na asali yenyewe si kitafunio. Inaliwa, inahifadhi nyama, inatengenezwa pombe ya sherehe, inaingia kwenye mahari, inabadilishwa na Wamaasai na majirani wengine. Nyama ilitoka kwa perere, swala aitwaye bongo, nguruwe mwitu. Ila ukoo ulijipima kwa asali.

AISHA: Wewe ni Mkipsigis. Lugha mnasikizana na Waogiek?

KIBET: Sana tu. Na niseme wazi kabla hamjaniandikia: ndugu zangu wengi ni miongoni mwa waliopewa au kuuziwa mashamba Mau. Siongei kama mtu wa pembeni.

AISHA: Asante kwa kusema. Sasa ardhi iliyopangwa hivyo ilipoteaje?

KIBET: Mkoloni aliitangaza msitu wa serikali. Kisha tume ya ardhi ya Carter, miaka ya 1930 mwanzoni, ikapendekeza jamii hizi za msituni zihamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa, zimezwe huko. Hapo hapo miti ya asili ikawa inakatwa, inapandwa misonobari na misaiprasi. Nyuki atafanya nini na msaiprasi?

AISHA: Na baada ya uhuru?

KIBET: Wimbo ule ule. Mwaka 2001 makumi ya maelfu ya hekta za misitu zilitolewa rasmi, sehemu kubwa Mau. Zikagawiwa, na wenye majina hawakukosa. Kisha Oktoba 2009 Shirika la Misitu likatoa notisi: siku 30, kila mtu atoke, Waogiek pamoja nao.

AISHA: Hapa nitakubishia kidogo. Mau ilikuwa inakwisha kweli. Mto Mara unatoka pale, unapita Serengeti, unamwagika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Ziwa Nakuru nalo linategemea mito ya kule. Serikali ikisema tokeni tuokoe maji, si hoja ya kipuuzi.

KIBET: Si ya kipuuzi, na ndiyo hoja ambayo serikali ilijitetea nayo Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kesi ya Waogiek dhidi ya serikali ilifika pale mwaka 2012, hukumu ikatoka 26 Mei 2017. Majaji walipima ushahidi wakaona uharibifu umetokana na watu wengine kuingia, na serikali yenyewe kumega msitu na kutoa vibali vya kukata miti. Kuwafukuza Waogiek hakukuwa na uhalali kwa jina la uhifadhi.

AISHA: Walishinda kila kitu?

KIBET: La. Vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu vilionekana kukiukwa: ardhi, dini, utamaduni, maendeleo, ubaguzi na kadhalika. Lakini dai la haki ya kuishi lilikataliwa. Mahakama haikuona kiungo cha moja kwa moja kati ya kufukuzwa na vifo.

AISHA: Dini imenivutia.

KIBET: Msitu ndio mahali pa ibada na mazishi. Ukimzuia mtu kuingia, umemfungia mlango wa hekalu lake.

AISHA: Na fidia?

KIBET: Ilikuja 23 Juni 2022. Shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa maumivu, ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii. Ardhi yao ipimwe na wapewe hatimiliki ya pamoja ndani ya miaka miwili. Waliomba pia kuombwa radhi hadharani. Mahakama ikasema hukumu yenyewe inatosha.

AISHA: Inatosha! Majaji nao.

KIBET: Kisha Novemba 2023, mwaka na miezi baada ya hukumu hiyo, nyumba zikabomolewa Sasimwani, kaunti ya Narok. Waogiek wale wale. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 63, inataja kabisa ardhi ya jamii za wawindaji na wakusanya chakula cha porini kuwa ardhi ya jamii.

AISHA: Nirudi kwenye hiyo "ya pamoja". Mimi ningekuwa kijana wa kule ningetaka karatasi yenye jina langu, nikaombe mkopo benki, nipande viazi.

KIBET: Wapo wanaotaka hivyo, na siwalaumu. Lakini ukikata ule ukanda viploti, wa chini anabaki chini, wa juu anabaki juu, na kila mmoja ana msimu mmoja tu wa maua. Halafu shida ikibisha hodi, ploti inauzwa. Hivyo ndivyo sehemu nyingi zilivyokwenda.

AISHA: Lakini usimlazimishe mtu kurina asali kwa sababu babu yake alirina.

KIBET: Simlazimishi. Nasema tu, wazee na vijana wabishane wakiwa tayari wameishika ardhi mkononi.

AISHA: Hapo tumekubaliana, na dakika zetu zimekwisha. Wasikilizaji wa Mariashoni, Nessuit na Sasimwani, tutumieni sauti zenu, hasa mnaompinga Kibet.