Askofu Mkuu Si Ngome: Nguvu Halisi ya Kete za Kuunganisha

Habari za jioni, ndugu zangu. Tuanze na ubao mtupu wa sataranji, wa miraba 64. Ukipiga wastani wa miraba yote, farasi ana hatua 5.25 na askofu 8.75. Ngome ana 14, popote umwekapo. Sasa unganisha askofu na farasi wawe kete moja, tuiite askofu mkuu: 8.75 na 5.25 ni 14, sawasawa na ngome. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Wanamtoa kwa ngome na askari wawili wakidhani wamefaidi, kumbe wamepunjwa.

Kete hii si ya jana. Mwandishi wa Kiitalia Pietro Carrera aliiandika mwaka 1617, na Capablanca, bingwa wa dunia wa sataranji, akairudisha miaka ya 1920 kwenye ubao wa 10 kwa 8, pamoja na chansela, yaani ngome na farasi.

Tazameni ubao huu. Mfalme mweusi yuko a1 (herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo; a1 ni kona), peke yake. Askofu mkuu yuko c3. Kwa mshazari anapiga b2 na a1, kwa mruko wa farasi anapiga a2 na b1. Mfalme kaisha, na hakuna kete nyingine iliyosaidia! Malkia akisimama hapo hapo c3, mfalme anatorokea a2 au b1. Siri ni kwamba askofu mkuu anashika miraba minne iliyogusana, kila pembe. Geukeni upande wa pili: d4, d5, e4, e5. Askari aliye e5 anapigwa, na akiwa e4 anapigwa pia. Tena udhaifu wa askofu, kufungwa kwenye rangi moja, umekwisha.

Programu zikishindanishwa michezo mingi, tofauti ya askofu mkuu na chansela haifiki thamani ya askari mmoja, na malkia yuko juu kidogo tu. Amazoni, malkia na farasi kwa pamoja, ni kama pointi 12, kwa hesabu ya askari 1, farasi 3 na malkia 9. Yeye huweza kumfunga mfalme bila hata msaada wa mfalme wake.

Ila msirundike vigogo. Malkia watatu ni pointi 27, farasi saba ni 21, lakini kila upande ukiwa na askari wake, farasi ndio hushinda. Farasi aliyelindwa haliki na malkia bila hasara, na kila farasi anapomtishia, malkia hana budi kukimbia.