Tupa ndani ya mkate: Liyongo, gemu za muziki na mkebe wa nguvu

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, nanyi wanangu mliokuja na simu mikononi, ahsanteni kwa kukusanyika hapa Mkunguni, Lamu, Amu yetu, jioni hii. Nimeombwa nizungumze juu ya katuni, gemu na vinywaji vya kuongeza nguvu. Katuni nimezisoma tangu utotoni na gemu nazipenda, kwa hivyo sikuja kumgombeza mtu.

Naanzia gerezani, kisiwani Pate. Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa hadithi za pwani yetu, amefungwa pingu, kifo kinamngoja. Mama yake ameoka mkate wa wishwa, makapi ya nafaka, na tupa, chuma cha kukerezea, ameificha ndani. Walinzi, waliozoea kula mikate mizuri anayoletewa, huo wa wishwa wakamwachia. Kisha akaomba apigiwe gungu, ngoma ya pwani. Matari yakilia, yeye anakereza chuma, na mlio wa tupa unazama ndani ya ngoma. Mimi kila nikiisikia hadithi hii naona mkono unaokwenda na mdundo: ngoma ikipanda unakereza, ikishuka unatulia. Akikosea pigo moja, amesikika.

Hiyo, wanangu, ni gemu ya muziki. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution: mishale inapanda kwenye kioo, nawe unakanyaga mshale ule ule chini ya miguu yako. Mwaka 2005 ikaja Guitar Hero, gitaa la plastiki lenye vibonyezo vitano vya rangi. Gemu hizi hazikuulizi umebonyeza nini tu, zinakuuliza umebonyeza lini. Ukitangulia umekosa, ukichelewa umekosa. Wengi hushindwa kwa sababu wanafuata kwa macho, na jicho likishaona, mkono umechelewa tayari. Anayeweza ni yule anayesikiliza. Mtazameni mcheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, siku ya Maulidi, fimbo yake inavyoshikana na zumari. Huyo mpeni gitaa la plastiki leo, kesho atawashinda nyote!

Na mkebe je? Mkebe wa Red Bull wa mililita 250 una miligramu 80 za kafeini na gramu 27 za sukari. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtoto asizidi miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 40, mwisho wake ni 120. Mikebe miwili, ameshavuka. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, basi wa saa tatu usiku nusu yake ingalimo mwilini saa nane, na mtoto ana shule asubuhi. Tena ikizidi, mkono hutetemeka, na mkono unaotetemeka haushiki mdundo. Mtaniambia kahawa nayo ina kafeini. Kweli, na masufi wa Yemen waliinywa karne ya 15 ili wakeshe kwa dhikri. Lakini kahawa chungu hapa Amu hunywewa kwa vijikombe, funda kwa funda, na tende, na watu wazima wakizungumza. Mkebe mtoto huumaliza kwa mkupuo, peke yake, mlango umefungwa. Hilo linaniuma.

Nirudi kwenye katuni, maana ndiko moyo wangu uliko. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster walimleta Superman, mtu asiyeingiwa na risasi. Liyongo naye hakuingiwa na silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemdunga ni mwanawe. Muhammad Kijuma, mtu wa hapa hapa Amu, mchonga mbao na bingwa wa khati, aliuandika utendi wake kwa herufi za Kiarabu mwaka 1913. Wachoraji mnao humu vichochoroni. Nataka Liyongo aliyechorwa na mkono wa Amu, na gemu ya gungu ambamo mchezaji ndiye mwenye tupa.

Ukurasa wa mwisho nimekwisha kuuona. Liyongo amepiga goti kisimani, uta umevutwa, mshale tayari. Watu wamesimama mbali na ndoo tupu, hawathubutu kuteka maji, hawajui kwamba ameshakufa. Pale msiandike neno hata moja, na kwenye gemu matari yanyamaze.