Sukari ya Asubuhi ya Kliniki Haitoshi

Masista, madaktari, wahudumu wa afya ya jamii, nanyi wagonjwa wetu mliofika Kisumu kutoka Ahero na Muhoroni, hamjambo. Kisukari mnakijua, sitawapotezea muda. Nina jambo langu lile lile: tunapima sukari, tunaandika, tunafunga daftari. Kurasa za nyuma hazifunguliwi na mtu.

Kuna mama nilimkuta katika kliniki moja ya huku magharibi. Daftari lake la shule, jalada limeshikwa kwa selotepu. Kila mwezi mstari mmoja: tarehe, presha, sukari, dawa. Sukari 6.8. Sukari 7.2. Sukari 6.5. Pembeni, kila mara, "aendelee na dawa". Kwa mistari ile ungesema yuko salama. Lakini aliingia akichechemea, na nilipomwomba avue kiatu, chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, naye hasikii maumivu. Nikapekua daftari toka mwanzo. Neno "miguu" halimo. Tukampima HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili mitatu iliyopita: imepita asilimia 11, juu mno. Nikamuuliza, mama, kliniki ikikaribia unakula nini? Hakunificha. "Siku mbili kabla naacha chai ya sukari na chapati, nisigombezwe." Mnasikia? Alikuwa akitibu tarehe ya kliniki! Na aliyemfundisha ni sisi, kwa ukali wetu.

Najua kuna anayenong'ona huko nyuma kwamba HbA1c ni ghali. Ni kweli, wengi wanailipia mfukoni. Basi aliyetulia apimwe mara mbili kwa mwaka, na ambaye hajatulia au amebadilishiwa dawa apimwe kila miezi mitatu. Ila sisi wa ukanda wa ziwa tuwe macho: selimundu iko kwetu, malaria iko kwetu. HbA1c husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na magonjwa hayo huziua mapema; zikifa kabla ya kutimiza siku zake 120 hivi, kipimo hicho kinaweza kushuka na kukudanganya. Mgonjwa wa namna hiyo mfuate kwa mashine ya nyumbani, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku tofauti tofauti.

Mwingine atasema vifaa hakuna. Kuvua viatu kunataka kifaa gani? Ukipata ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, unaopinda ukiusukuma kwa nguvu ya gramu 10, mgonjwa anafumba macho, unamgusa wayo, anasema "hapo". Akinyamaza, umeshapata jibu, liandike. Usipoupata, bado macho yako unayo: angalia katikati ya vidole, angalia kisigino.

Ninachodai ni rejesta isomwe. Kila baada ya miezi mitatu kaeni na sista mkuu mhesabu. Kati ya wagonjwa wote walioandikishwa, wangapi wamepimwa HbA1c mwaka huu? Wangapi wamefikia lengo walilowekewa? Wangapi wameangaliwa miguu? Na wangapi hawajaonekana miezi sita? Hao wa mwisho ndio wananikosesha usingizi, kwa sababu wakipotea hesabu yetu inapendeza. Ukihesabu waliokuja tu, kliniki itaonekana inaendelea vizuri huku watu wanakatwa miguu. Wahudumu wa afya ya jamii, majina hayo ni yenu, boma kwa boma.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, asilimia 80 ya waliogunduliwa kuwa na kisukari wawe wamedhibiti sukari, na asilimia 80 wawe wamedhibiti presha. Sisi tuko wapi? Kliniki isiyohesabu haiwezi kunijibu.

Macho, kila mwaka. Mkojo, kwa ajili ya figo, kila mwaka. Presha nilikuwa nimeiandalia maelezo marefu, lakini mwenyekiti ameshasimama, na insulini itabidi ingoje baada ya chai. Mliokuja na rejesta zenu, msitoke nazo. Leteni moja hapa mbele, tuanze na safu ya miguu.